Safu ya Mwanafunzi

Andalio la somo ni karatasi isiyo na makeke. Juu huandikwa tarehe, darasa, kipindi na idadi ya wanafunzi: waliosajiliwa na waliohudhuria, wasichana kwa wavulana. Chini huchorwa jedwali lenye safu chache: hatua ya somo, muda, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi, upimaji. Mwalimu aliyekomaa huijaza kwenye meza ya ofisi ya walimu huku chai ikipoa na mwenzake akimkumbusha mchango wa harusi. Sasa mpe karatasi hiyohiyo mtu mzima aliyefanya kazi benki, maabara au kwenye mradi wa maji, mwenye shahada yake safi, umwambie aandae kipindi kimoja cha kidato cha kwanza, dakika 40 tu. Safu ya mwalimu ataijaza hadi pembezoni: kueleza, kufafanua, kutoa mifano, kuchora, kusisitiza. Safu ya mwanafunzi itabaki na maneno yaleyale kutoka juu mpaka chini: kusikiliza na kuandika.

Nionavyo mimi, mafunzo yote ya kumfanya mtaalamu awe mwalimu wa sekondari ni kazi ya kuyahamisha macho yake kutoka safu ile ya kwanza hadi hii ya pili. Ukiisikia utadhani ni ya wiki moja. Huchukua miezi, na wapo wanaohitimu na cheti mkononi bila kuivuka. Nimekuwa nikiyatazama mafunzo haya katika shule za pwani yetu, kuanzia Bunju na Mapinga, Kerege na Zinga, hadi Bagamoyo mjini, na kadiri ninavyotazama ndivyo ninavyozidi kuwavulia kofia wanaoifanya kazi hiyo.

Bagamoyo ni mji uliozoea wanafunzi watu wazima. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868 walifungua shule na karakana kwa watoto waliokombolewa utumwani, na tangu hapo mji haujaacha kufundisha watu kazi. Wasanii huja TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Wanaosomea uvuvi huenda Mbegani. Wakuu wa shule kutoka mikoani huja ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, kusomea namna ya kuendesha shule. Wazee bado wanaikumbuka kwa jina lake la zamani, MANTEP. Kwa hiyo mtu wa miaka arobaini mwenye daftari kwapani hashangazi mtu hapa.

Kozi ninayoizungumzia inaitwa Stashahada ya Uzamili ya Elimu. Inamfaa mwenye shahada ya kwanza ambayo haikuwa ya ualimu: biashara, kilimo, sayansi, sosholojia, uhandisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaitoa, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania pia. Hiki cha pili, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, ndicho kimbilio la wasioweza kuacha kazi. Mtu wa Bagamoyo anasoma usiku nyumbani, kisha ikibidi anakwenda makao makuu Kinondoni, au anashika barabara ya Makofia na Mlandizi hadi kituo cha mkoa, Kibaha. Anasoma falsafa ya elimu, saikolojia ya ujifunzaji, mitaala, upimaji, na mbinu za kufundishia masomo yake. Halafu anapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, ambayo wenyewe huyaita TP, na hapo ndipo hasa kazi inapoanzia.

Wanaokuja hawana sababu moja. Yupo ambaye mradi wake uliisha na mfadhili akaondoka. Yupo aliyekuwa akipiga tempo shule binafsi kwa miaka, anafundisha vizuri tu, lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mwalimu awe amesajiliwa au awe na leseni, na leseni ni ya muda. Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya mwaka 2018 imeukaza zaidi uzi huo. Yupo pia, na huyu si nadra kama tunavyodhani, aliyekuwa akimsaidia mtoto wa dada yake hesabu za jioni akagundua kwamba saa ile moja inampendeza kuliko nane za ofisini. Sababu zozote ziwazo, wote hufika na mzigo mmoja: wanaamini kwamba wanaijua kazi ya ualimu, kwa kuwa wameiona.

Mwanasosholojia wa Marekani Dan Lortie aliliandika jambo hili mwaka 1975, katika kitabu chake kuhusu walimu wa shule. Alisema kila anayeingia ualimu ameshakaa maelfu ya saa akimtazama mwalimu akifanya kazi, lakini ameitazama akiwa upande wa dawati. Ameona mwalimu akiandika ubaoni; hakuona kwa nini aliandika lile na kuliacha jingine. Ameona mwalimu akimwita Juma kujibu. Hakuona kwamba aliwapita wanne waliokuwa wamenyoosha mikono ili amfikie Juma ambaye hakunyoosha. Kwa hesabu za kwetu, mwenye shahada ametazama miaka saba ya msingi, sita ya sekondari na mitatu au minne ya chuo kikuu. Miaka yote hiyo imempa picha ya mtu amesimama mbele anasema. Ndiyo picha anayoimimina kwenye andalio lake la kwanza.

Mzigo wa pili ni ujuzi wenyewe. Aliyeishi mjini muda mrefu hupata tabu kumwelekeza mgeni njia, maana miguu yake inajua kona ambazo mdomo wake umeshazisahau. Ndivyo alivyo mhasibu mbele ya kidato cha tatu. Kwake debiti na krediti si mawazo tena, ni mazoea, na mazoea hayaelezeki mpaka uyavunje vipande na kuyatazama upya.

Chuoni mzigo huu huanza kutuliwa kwa zoezi la kufundishana wao kwa wao. Mmoja anasimama, anafundisha kipande kidogo cha somo kwa dakika kumi hivi, wenzake wanakuwa wanafunzi, kisha wanamchambua. Njia hiyo ilibuniwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo karibu kila chuo cha ualimu duniani kinaitumia. Hapa kwetu huwa na vichekesho vyake: afisa mikopo wa zamani anajifanya mtoro wa kidato cha pili, na hujifanya kwa ufundi unaotia shaka. Zoezi lina faida. Mtu husikia sauti yake ilivyo ndogo, huona anavyoupa mgongo umma. Ila lina mpaka wake, nao ni kwamba mtu mzima anayejua hawezi kuigiza kutojua. Anauliza maswali ambayo mtoto angeyauliza kama angekuwa yeye. Kutojua kwenyewe kuko shuleni.

Twende basi shuleni. Ni shule ya kata, siitaji, darasa la kidato cha kwanza lenye wanafunzi zaidi ya sitini. Mwalimu mwanafunzi niliyemfuatilia kwa karibu alikuwa mtu wa maabara; kazi yake ya awali ilikuwa kupima ubora wa maji. Kuhusu maji ya chumvi anajua mengi. Anajua kwamba kila lita ya maji ya bahari ina gramu zipatazo 35 za chumvi za aina mbalimbali, kwamba maji yakikaushwa na jua jasi hutangulia kuganda, na kwamba chumvi ya kula huanza kuonekana maji yakishapungua hadi takriban sehemu moja ya kumi. Mada aliyopangiwa ilikuwa kutenganisha michanganyiko. Kwake ni mada ya kitoto. Andalio lake la kwanza lilifunguliwa na fasili tatu, likafuata mchoro wa kifaa cha kukenekea, likafungwa na maswali matano.

Mwalimu mlezi wake, yaani mwalimu wa shule aliyepewa jukumu la kumsimamia, alikuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Asubuhi wakikutana getini kijana humwamkia, “Shikamoo dada,” naye huitikia marahaba. Saa nne, wakikaa na karatasi katikati yao, yule kijana ndiye mkubwa. Kubadilishana huku kwa heshima, mara mbili kwa siku, kunataka adabu ya pande zote mbili, na sikuona hata siku moja ikipotea. Kijana aliweka penseli kwenye safu ya mwanafunzi.

“Dada, hizi dakika kumi na tano watoto watakuwa wanafanya nini?”

“Watanisikiliza.”

“Wakishamaliza kukusikiliza?”

Hakufuta kitu. Hakumpa andalio lake mwenyewe alinakili, ingawa alikuwa nalo la mwaka uliopita kwenye droo. Alimwuliza tu kama amewahi kufika kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, na kama anajua ni watoto wangapi wa darasa lile ambao ndugu zao hufanya kazi kule. Hakujua. Alikuwa na kazi ya kufanya jioni ile.

Siku ya somo aliingia na sahani ya bati ambayo chini yake kulikuwa na utando mweupe. Maji ya bahari aliyaweka dirishani siku zilizotangulia, jua likafanya kazi yake. Akaipitisha sahani safu kwa safu, watoto wakagusa, wawili watatu wakaonja. Kisha akauliza kwa Kiswahili: “Hii chumvi, kabla ya kuanikwa, ilikuwa wapi?”

Kimya. Nilimwona akivuta pumzi ya kujibu, mkono umeshanyanyuka. Akaushusha.

Mvulana mmoja akasema: “Haikuwepo, madam. Imetengenezwa na jua.”

Mtu wa maabara angesema hapana. Yeye alisema, “Nani anaona tofauti na mwenzake?” Msichana wa nyuma akasema ilikuwepo, ila ilikuwa haionekani. “Utatuthibitishiaje kwamba kitu kipo na hakionekani?” Kukawa na mnong'ono, kisha kicheko, kisha mtu akasema si ukiyaonja tu maji ya bahari! Hapo mvulana aliyekuwa kimya muda wote, ambaye mjomba wake hufanya kazi Nunge, akaanza kueleza jinsi maji yanavyohamishwa kutoka bwawa hadi bwawa, na kila yakihama yanazidi ukali, mpaka kwenye bwawa la mwisho chumvi inakaa chini na kukomba kunaanza. Alieleza vizuri kuliko kitabu. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni maneno ya kijana, kwa mpangilio wake.

Ndipo akageukia Kiingereza, lugha ya kufundishia sekondari, ambayo kwa watoto hawa ni ukuta mpya. Miezi michache nyuma walikuwa darasa la saba wakisoma karibu kila kitu kwa Kiswahili. Aliandika sentensi tatu fupi, kila moja ikiwa na pengo moja. Watoto walikuwa tayari na wazo. Kilichobaki kilikuwa kulivalisha. Wakajaza mapengo kwa sauti, wawili wawili, kisha daftarini. Kengele ililia maswali mawili kabla ya kumaliza.

Kuhusu jasi hakusema neno. Nilipomwuliza baadaye kama alisahau, alicheka. “Lilikuwa mdomoni kipindi kizima,” alisema. Kuujua ukweli mzuri, wa kweli, unaohusu mada, na kuuacha kwa sababu leo utawachanganya: hili kwa maoni yangu ndilo jambo gumu kuliko yote ambayo mtaalamu hujifunza katika mwaka ule. Lee Shulman, mtafiti wa elimu wa Marekani, alionyesha mwaka 1986 kwamba mwalimu ana aina ya maarifa ambayo si ya mwanasayansi wala si mbinu tupu za kutawala darasa. Ni kujua somo kwa namna ya kulifundisha: mfano upi unafungua, upi unafunga, mtoto wa umri huu anaamini nini kabla hujasema chochote. Yule mwanakemia alikuwa na kemia ya kutosha. Imani ya kwamba jua hutengeneza chumvi hakuwa nayo, wala hakujua kuwa ipo. Sasa anajua, na mwaka ujao ataisubiri.

Nirudi kwenye ule mkono ulioshuka, maana ni jambo dogo linaloweza kupita bila kuonekana. Mtafiti Mary Budd Rowe alisikiliza kanda nyingi za vipindi vya sayansi huko Marekani na kutoa matokeo yake katika miaka ya 1970. Aligundua kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri kiasi cha sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu, kurudia swali au kujijibu. Akisubiri tatu, majibu hurefuka, wanaojibu huongezeka, na hata wale waliohesabiwa wazito huanza kusema. Sekunde tatu kwenye karatasi si kitu. Mbele ya watoto sitini wanaokutazama, na msimamizi kutoka chuoni amekaa nyuma na fomu yake ya alama, ni muda mrefu wa kutosha kuyasikia mapigo ya moyo wako. Mtu aliyetoka ofisi ambayo ukimya kwenye kikao ni dalili ya kutojiandaa huona aibu kuunyamazia. Walezi wazuri hawamwambii “subiri”. Humpa kitu cha kufanya katika muda ule: tembea hatua nne kuelekea dirishani; hesabu mikono bila kumwita mtu. Ufundi mwingi wa darasani uko hivyo, wazo kubwa limefungwa ndani ya kitendo kidogo cha mwili.

Ubao nao una mafunzo yake. Mgeni huandika popote palipo wazi, na kipindi kikiisha ubao huwa kama ukuta wa stendi. Mlezi humfundisha kuugawa: kushoto maneno mapya yanayobaki mpaka mwisho, katikati mwili wa somo, kulia mahali pa kukokotolea na kufuta. Humfundisha kuandika akiwa amesimama ubavu, ili jicho moja libaki darasani, na kuilaza chaki kidogo isilie. Na kila baada ya muda aende mpaka dawati la mwisho, asome alichokiandika kutoka pale. Hili la mwisho nimeona likiwafungua watu macho kuliko mhadhara wowote wa saikolojia. Kwa mara ya kwanza mtaalamu anaona somo lake kama mtoto wa nyuma anavyoliona: mistari midogo, nusu imezibwa na kichwa cha mwenzake.

Halafu kuna madaftari. Mhasibu niliyekutana naye shule nyingine, kuelekea Kerege, alisahihisha rundo lake la kwanza la hisabati kwa kasi ya kutisha. Watu wa hesabu za fedha wana mkono mwepesi. Vema, kosa, kosa, vema. Mwalimu mlezi, mama wa makamo, akavuta daftari moja. Mtoto alikuwa amejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano. Mhasibu ameweka mkasi mwekundu.

“Amekosa,” alisema.

“Najua amekosa. Amefikiri nini?”

Akatazama tena. Mtoto amejumlisha juu kwa juu, moja na moja, mbili. Chini kwa chini, mbili na tatu, tano. Hakubahatisha. Alifuata kanuni, kanuni isiyo sahihi, kwa uaminifu. Mkasi haumwambii chochote ambacho kitambadilisha. Mama yule akaandika pembeni swali moja: je, mbili ya tano ni kubwa kuliko nusu, au ni ndogo? Mtoto akilijibu atajikuta amekwama mwenyewe, maana alikuwa na nusu, akaongezewa theluthi, akabaki na pungufu ya nusu. Baada ya hapo mhasibu aliyapanga madaftari yote upya, si kwa alama, bali kwa aina ya kosa. Yakawa mafungu manne. Somo la kesho lilikuwa limeshajiandaa juu ya meza.

Hapo niliona pia jinsi kazi ya zamani inavyorudi na faida yake. Miaka yake ya ukaguzi wa hesabu ilimfundisha kwamba kosa lina chanzo na chanzo hufuatiliwa. Alichohitaji ni mtu wa kumwonyesha kwamba daftari la mtoto nalo ni leja. Wengine huleta vingine. Bwana shamba huleta bustani ya shule na subira ya msimu. Aliyekuwa kwenye mradi wa afya huleta namna ya kuzungumza na wazazi bila kuwafokea. Ila faida hizi huchelewa. Mwanzoni uzoefu hujitokeza kama hadithi ndefu za “mimi nilipokuwa kazini”, watoto wakazipenda na mada isisogee. Hupevuka pale mtu anapoweza kuutoa kwa kijiko, swali moja au mfano mmoja, mahali ambapo somo linauhitaji.

Haraka tumeshaijaribu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za sekondari nchini ziliongezeka kutoka zaidi kidogo ya 1,200 hadi kupita 4,000 ndani ya miaka mitano. Kila kata ilitaka shule, na kila shule ilitaka walimu. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya kuhesabika kwa wiki, wakapelekwa madarasani, na mtaa ukawabatiza jina la huduma ya simu ya kuongeza salio chapuchapu: vodafasta. Jina lilikuwa la kejeli na baadhi yao halikuwastahili; wapo waliojisomea baadaye wakawa walimu hodari. Walichonyimwa ni mtu wa kukaa nao saa nne na penseli. Walibaki kufundisha walivyofundishwa.

Kwa upande mwingine, kumfanya mhitimu wa fani nyingine kuwa mwalimu kwa mwaka mmoja uliopangwa vizuri si jambo geni Afrika Mashariki. Mwaka 1961, nchi zetu zikielekea uhuru na shule zikiwa hazina walimu, mpango wa Teachers for East Africa ulianza kuwaleta wahitimu wa vyuo vya Marekani, na baadaye Uingereza. Wale ambao hawakuwa na taaluma ya ualimu walipita Makerere kusomea stashahada ya elimu kabla ya kusambazwa Tanganyika, Kenya na Uganda. Makerere hiyohiyo ndiyo iliyomtoa Julius Nyerere mwalimu mwaka 1945; yeye alikwenda kinyume cha hawa wa leo, akaacha chaki ya Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, na watu wakakataa kumvua cheo. Na haja ya watu wa aina hii haijaisha popote. Mwaka 2016 mwandishi wa safu wa gazeti la Financial Times la London, Lucy Kellaway, akiwa amevuka miaka hamsini na tano, alishiriki kuanzisha taasisi ya Now Teach ya kuwavuta wataalamu wa makamo kwenye ualimu, kisha mwenyewe akaingia darasani kufundisha hisabati. Aliyoyaandika kuhusu mwaka wake wa kwanza yangeeleweka bila mkalimani katika ofisi ya walimu ya Zinga.

Sitaki kumdanganya anayeifikiria njia hii. Ajira ya serikali ni mlango mwembamba. Usaili wa kada ya ualimu ulioanza Januari 2025 ulikuwa na waombaji zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000, wakati madarasa ya sayansi na hisabati bado yanalia uhaba. Wengi wa wahitimu wa stashahada hii huishia shule binafsi, ambazo kutoka Tegeta hadi Bagamoyo ni nyingi, kwa mishahara inayotofautiana sana. Anayekuja kwa kukimbia umaskini tu anaweza kukimbilia mwingine.

Lakini ukiweka hesabu za ajira kando na kuitazama kazi yenyewe, utaona kitu ambacho nchi inakipata kwa bei ya kutupa. Chuo kinatoa nadharia, na nadharia ni lazima. Bila hiyo mlezi angekuwa na mazoea yasiyo na sababu. Ila mgeuko wenyewe, ule wa mtaalamu kuanza kuuliza mtoto amefikiri nini, nimeuona ukitokea mezani, kati ya watu wawili na karatasi moja, kwa msaada wa mwalimu ambaye ana vipindi vyake kamili, ana zamu yake ya wiki, ana madaftari yake ya kusahihisha, na kwa ulezi huu mara nyingi haongezewi kitu. Anaufanya katika mapumziko ya chai. Yule kijana wa somo la chumvi siku hiyo hakunywa chai kabisa. Vyuo vinaweza kuongeza mihula na wizara inaweza kubadilisha fomu za andalio kila mtaala unapobadilika. Mabadiliko ya bei rahisi kuliko yote ni kumpunguzia mwalimu mlezi vipindi viwili kwa wiki katika kipindi cha TP, kuviandika kwenye ratiba ya shule kwa jina lake, na kuvihesabu kuwa kazi.